Paka Anayeita na Mkono Uliotiwa Betri

Katika duka moja la vifaa vya simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kuna paka wa plastiki wa rangi ya dhahabu. Kawekwa juu ya kabati la kioo, kati ya spika ndogo na boksi la memori kadi, na mkono wake wa kushoto hautulii: mbele, nyuma, mbele, nyuma, tik, tik, tik. Siku niliyokwenda kutafuta chaja nilimuuliza dada mwenye duka kama anajua paka yule ni wa nini.

"Wa Wachina huyo, anko," akajibu bila kuinua macho. "Anaita wateja." Kisha akashusha sauti, nusu mzaha: "Bora huyu anaita mchana kweupe. Wengine wana chuma ulete."

Asili ya paka huyu si China, ingawa hawa wa plastiki wengi wao hutoka viwandani huko na Wachina wamemfanya wao kabisa. Ni Mjapani. Jina lake ni maneki-neko, yaani paka anayeita, na Wajapani wamekuwa wakimweka madukani na migahawani tangu enzi za Edo (1603 hadi 1868). Mkono wa kushoto ukiinuliwa, wanasema, anaita wateja. Ukiinuliwa wa kulia, anaita fedha. Kwa hiyo dada alikosea nchi, lakini kazi ya paka aliitaja sawasawa, tena bila kufundishwa na mtu. Jambo hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa, maana siku hizi kila mbunifu mwenye kompyuta anataka kumchora paka huyu upya, na wengi wao hubadilisha rangi, macho, masikio, wakidhani uhai wake uko huko. Uhai wake uko mkononi.

Ukimwita mtu aliye mbali, hapa kwetu pwani, unainua mkono, unageuza kiganja chini na kukunja vidole kuelekea kwako, kama unayekwangua hewa. Mjapani hufanya vivyo hivyo. Ukigeuza kiganja juu ukamwita mtu mzima kwa kidole kimoja, umemwita kama mbwa, na mama yako akikuona utapata la kusikia. Sasa mchukue paka wa udongo, mwinulie mkono hadi usawa wa sikio, vidole vimeinama mbele kidogo: Mswahili na Mjapani wote wawili wanasikia "njoo". Mmarekani, ambaye huita kwa kugeuza kiganja kimwelekee mwenyewe, anaona paka anamuaga. Sanamu iliyowekwa mlangoni kukaribisha inamwambia kwaheri kabla hajaingia.

Watengenezaji wa Kijapani walipoling'amua hilo walitengeneza paka wa kusafirishwa. Mkono uligeuzwa, mgongo wa kiganja ukatazama mbele, na mahali pa sarafu ya kale pakawekwa sarafu ya dola. Wapenzi wa vya jadi huwacheka paka hao. Mimi siwacheki. Katika yote aliyofanyiwa paka huyu, hilo ndilo naliona limefanywa na mtu aliyejiuliza anayetazama ataelewa nini. Kifundo cha mkono kiligeuzwa ili neno libaki lile lile. Na Wajapani hawakuwa wageni wa kazi ya namna hiyo: miaka ya 1950 na 1960 viwanda vyao vilichapa kanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu, zenye majina ya Kiswahili yaliyopitia mikono ya wafanyakazi wasioweza kuyasoma. Kanga ikikosewa jina, hata pindo lake liwe zuri namna gani, itadoda dukani.

Paka alizaliwa wapi hasa? Ubishi upo, na kila upande una hadithi yake. Wa Asakusa, Tokyo, wanasimulia habari za bibi kizee fukara aliyelazimika kuachana na paka wake. Paka akamjia ndotoni, akamwambia afinyange sanamu yake. Bibi akafinyanga, akauza, akapata riziki. Hadithi ni hadithi, lakini biashara ilikuwepo kweli: picha moja ya mchoraji Utagawa Hiroshige ya mwaka 1852 inaonyesha mahali zinapouzwa sanamu za paka wa aina hii. Wa hekalu la Gotokuji, katika wilaya ya Setagaya, wana yao. Bwana Ii Naotaka, mtawala wa Hikone, alikuwa akitoka kuwinda kwa mwewe akapita karibu na hekalu lililochakaa. Paka wa mtawa akamwinulia mkono. Bwana akaingia ndani kuona kulikoni, na mara radi na mvua vikaanza kupiga pale alipokuwa amesimama. Kuanzia mwaka 1633 Gotokuji likawa hekalu la ukoo wa Ii, na umaskini wake ukaisha. Asiyeamini atasema paka alikuwa ananawa uso tu, na huenda ni kweli. Tayari katika maandishi ya Kichina ya karne ya 9 imo imani kwamba paka akinawa, mkono ukapita sikio, mgeni yuaja.

(Katika makaburi ya hekalu hilo hilo amezikwa Ii Naosuke, mkuu wa serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, aliyeuawa nje ya lango la Sakurada mwaka 1860. Paka aliuokoa ukoo na radi. Panga hazikuwa kazi yake.)

Nimesimulia hayo kwa sababu katika mijadala ya usanifu neno "asili" hutumiwa kama rungu. Mtu akimpaka paka rangi ya samawati anaambiwa ameharibu mila. Mila ipi? Paka wale wa mwanzo wa Asakusa walikaa ubavu, uso ndio umegeuzwa kumtazama mteja. Huyu tunayemwona leo tukasema ndiye wa jadi, mwenye kiwiliwili cha mviringo, kichwa kikubwa karibu sawa na mwili, macho yaliyotumbuka na sarafu kifuani, umbo lake lilikomaa katika mji wa Tokoname, mkoa wa Aichi, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni rika la baba zetu. Yeye mwenyewe ni matokeo ya kuchorwa upya.

Tokoname ni mji wa tanuri. Kwa karne nyingi umechoma mitungi, na katika zama za viwanda ukachoma mabomba ya udongo na chupa za pombe, mpaka leo kuna vichochoro ambavyo kuta zake zimejengwa kwa mabomba na chupa hizo. Mafundi wa mji huo walipomgeukia paka, walimtengeneza kwa njia waliyoijua. Udongo hulainishwa ukawa kama uji mzito, ukamiminwa ndani ya kalibu ya plasta. Plasta hunywa maji. Baada ya muda ganda la udongo huwa limeshika kwenye kuta za kalibu, na uji uliobaki katikati humwagwa. Ndiyo maana paka ni mtupu ndani. Ukimgonga kwa kucha analia kama kikombe. Ukijua hivyo unaelewa pia kwa nini mkono haukunyooshwa kwenda mbele kama wa mtu anayeita kweli. Umebanwa kando ya shavu, karibu na sikio, mahali ambapo udongo haukatiki njiani na kalibu inafunguka bila shida. Wapo wanaosema mkono ukiwa mrefu zaidi unaita kutoka mbali zaidi, na paka wenye mikono mirefu wapo. Lakini fundi ndiye anayelipa gharama ya kila sentimita.

Mji huo sasa una barabara nzima ya paka, na ukutani wamepangwa paka 39, kila mmoja na kazi yake: huyu wa safari njema, yule wa afya. Juu yao anachungulia paka mmoja mkubwa, Tokonyan, urefu mita 3.8 na upana mita 6.3. Watalii humpenda huyo mkubwa. Mimi ningekaa kwa wale 39, kwa sababu wanaonyesha mafundi wa mji mmoja wakibishana kwa udongo juu ya kitu kile kile.

Turudi kwenye sarafu, maana hapo ndipo ninapogombana na wengi. Sarafu aliyoshika paka inaitwa koban, sarafu ya dhahabu ya enzi za Edo yenye umbo la yai. Koban halisi ilikuwa na thamani ya ryo moja, kipimo cha fedha cha enzi hizo. Ya paka imeandikwa ryo milioni 10. Huo ni mfumuko wa bei ambao hata benki kuu isingeuthubutu. Cha kuchekesha zaidi, Wajapani wana msemo wa kumpa paka koban, wakimaanisha kumpa kitu cha thamani asiyejua thamani yake, kile sisi tunachokiita kumpigia mbuzi gitaa. Kwa hiyo paka wa dukani ameshikishwa kitu kile kile ambacho msemo wa kwao unasema hakimhusu.

Paka wa Gotokuji hawashiki sarafu. Ni weupe, ukosi mwekundu, kengele shingoni, mkono wa kulia juu, basi. Maelezo yanayotolewa hekaluni ni kwamba paka hampi mtu bahati, anamletea nafasi tu ya kukutana na jambo au mtu. Kuitumia ni shauri lako. Unanunua wako, unakwenda naye nyumbani, ombi likijibiwa unamrudisha na kumwacha pale. Ndiyo maana kando ya jengo la ibada kuna rafu zilizojaa paka wakubwa kwa wadogo, mamia kwa mamia, wote weupe, wote wameinua mkono. Kila mmoja ni stakabadhi ya ombi lililojibiwa. Mbunifu anayetaka kumtengeneza paka wa kisasa angeanzia hapo kabla ya kufungua kompyuta: paka huyu ni wa kwenda na kurudi. Wa plastiki harudishwi popote. Akiharibika anatupwa.

Huyo wa plastiki, hata hivyo, ndiye aliyefanyiwa mabadiliko makubwa kuliko wote, na sijaona watu wakiyajadili ipasavyo. Alitiwa betri. Nilinunua wa kwangu, mdogo, kwa bei ya sahani mbili za chipsi, nikamfungua kwa bisibisi juu ya meza ya kulia chakula. Ndani mna betri moja, kibao kidogo cha umeme na koili ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Mkono umening'inizwa kwenye pini, na sehemu yake ya chini, ile isiyoonekana, ina sumaku. Kila sumaku inapopita juu ya koili, umeme kidogo unaisukuma, kama mtoto anavyosukumwa kwenye bembea. Hakuna mota hata moja. Ni ujanja mzuri, wa bei nafuu, na nawavulia kofia waliouleta.

Lakini umeligeuza neno. Mkono wa udongo umesimama katikati ya kitendo. Anayetazama ndiye anayeumalizia kichwani, na kwa kuumalizia anakuwa ameitika. Mkono wa betri unamaliza wenyewe, maelfu ya mara kwa siku. Mtu akikuita mara moja unageuka. Akikuita mchana kutwa unamzoea, kama tulivyozizoea spika za Kariakoo zinazotangaza "elfu elfu, elfu elfu" mpaka jua linazama na hakuna anayezisikia tena. Zaidi ya hayo, mkono unaokwenda mbele na nyuma kwa mwendo ule ule haujulikani tena kama unaita au unaaga. Tofauti ya njoo na kwaheri, ambayo fundi wa zamani aliitunza kwa kuviinamisha vidole kidogo tu, imepotea kwenye bembea. Nilipoitoa betri niliona kitu ambacho sikukitarajia: uzito wa ile sumaku uliuvuta mkono ukasimama wima, kando ya sikio, ukatulia. Paka wa plastiki aliyeishiwa betri anarudi kuwa paka wa udongo.

Basi wabunifu wa leo wanafanya nini naye? Wengi wanamsafisha. Katika maduka ya vitu vya nyumbani nimeona paka wa kauri nyeupe tupu, hana macho, hana kengele, hana mdomo, mkono umebaki kama kibonge. Wanasema ni usahili. Lakini kengele na ukosi mwekundu vilikuwa na habari ya kusema: paka huyu ana mwenyewe, ni wa nyumba hii, kwa hiyo akikuita ni nyumba inayokuita. Paka asiye na ukosi anayekuita usiku mlangoni, kwetu sisi, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kuna pia wale wa wakusanyaji, kama dubu wa BE@RBRICK wa kampuni ya Medicom Toy, ambao mara kadhaa wamevishwa sura ya paka huyu. Wanang'aa, wanauzwa kwa zamu chache, na wengi huishia ndani ya kabati la kioo lililofungwa. Wamwite nani huko?

Wale wanaonifurahisha ni wengine. Mtandaoni kuna watu waliouchomoa mkono wa paka wa betri wakaubandika mkono wa mtunisha misuli, wenye mishipa iliyotutumka. Ni utani, lakini utani wa mtu aliyeona kiini kiko wapi. Sehemu nyingine zote ameziacha zilivyo. Katika mji wa Nara, Japani, kuna kampuni ya Nakagawa Masashichi, iliyoanzishwa mwaka 1716, ambayo ilishirikiana na watengenezaji wa vikaragosi wa Kaiyodo kuvifanya vinyago vya jadi vya mikoa mbalimbali ya Japani kuwa vidogo vya kutosha kuingia kwenye mashine za kapsuli. Unatia sarafu, unazungusha kishikio, mpira unadondoka, na hujui umepata kipi hadi uufungue. Sura za vinyago hazikuguswa. Kilichobuniwa upya ni namna ya kuvipata, na bahati ikarudi kuwa bahati.

Hikone nao, mji wa yule bwana aliyeitwa na paka, walipojiandaa kuadhimisha miaka 400 ya ngome yao mwaka 2007, walimtengeneza Hikonyan: paka mweupe mnene mwenye kofia nyekundu ya vita ya jeshi la Ii. Katika mikao mitatu aliyochorwa mwanzo anakaa, anaruka, anainua upanga. Ule mkono wa kuita haumo. Nilidhani hapo nimepata mfano wa kosa, mpaka nilipofikiria anavyofanya kazi. Hikonyan ni mtu ndani ya vazi, hutokea ngomeni kwa saa zilizotangazwa, na watu husafiri kumfuata; mwaka 2010 alishinda shindano la taifa la vikaragosi wa mikoa. Mkono umeondolewa, mwili mzima ukawa mwito. Biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mji na mchoraji wake walifikishana mahakamani kuhusu haki ya picha, jambo ambalo bibi kizee wa Asakusa hakulijua.

Ila ningepewa nafasi ya kutoa tuzo, ningeipeleka ndani ya treni ndogo. Reli ya Setagaya, inayopita jirani na Gotokuji, ina treni iliyochorwa paka, na ndani yake vishikio vya abiria waliosimama vimekatwa kwa umbo la paka. Mtazame abiria aliyeshika kishikio hicho asubuhi akienda kazini: kasimama wima, mkono mmoja umeinuliwa usawa wa sikio, vidole vimeinama. Yeye ndiye paka. Sijui kama aliyekata vishikio vile alilifikiria hilo. Sanamu yenyewe haipo, betri haipo, dhahabu haipo, na mkono uko mahali pake.

Wiki iliyopita nilipita tena Aggrey. Paka wa dhahabu alikuwa pale pale juu ya kabati, ametulia, mkono wima. Kwenye mkono alikuwa ametundikwa waya wa chaja na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: Type C, 5,000.

"Betri iliisha, anko," dada akasema. "Nikaona mkono unakaa vizuri."

Kijana mmoja aliyekuwa anapita alisimama mlangoni, akautazama ule waya, akauliza kama una urefu wa mita mbili.